LROC na QuickMap: ubora na mitego ya huduma ya bure ya picha za kreta za Mwezi

Kwa anayetaka kuziona kreta za Mwezi kwa ukaribu ambao darubini za duniani haziufikii, mlango ulio wazi zaidi ni LROC. Huu ni mfumo wa kamera uliomo kwenye chombo cha NASA kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, na picha zake hutazamwa kupitia ramani ya mtandaoni, QuickMap, iliyosimamiwa kwa miaka mingi na Arizona State University. Hulipi chochote, na kivinjari cha kawaida kinatosha kuanzia. Tunaipa huduma hii nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyokatwa haihusu kamera. Imekatwa kwa sababu mgeni anafunguliwa ghala zima bila kuambiwa jambo moja linaloamua kama picha itamfaa au haitamfaa: jua lilikuwa wapi picha ilipopigwa.

Wengi huanza kwa kutafuta pikseli ndogo kuliko zote. Wanapata picha ya nusu mita kwa pikseli, wanaifungua, na kreta waliyoitarajia haionekani; kuna weupe tu na vidoa vya kijivu. Picha haina kasoro. Ilipigwa jua likiwa karibu na utosi, hivyo hakuna kivuli, na pasipo kivuli jicho halina namna ya kujua kipi kimeinuka na kipi kimezama. Picha ya mita moja na nusu iliyopigwa jua likiwa chini itakuonyesha ukingo, kuta, maporomoko na majabali ya kreta ileile kwa ufasaha zaidi. Kwa hiyo chagua kwa jua kwanza, pikseli baadaye. Mengine yote yaliyo hapa chini yanategemea hilo.

Kamera zenyewe

LROC ni kamera tatu zilizotengenezwa na kampuni ya Malin Space Science Systems ya San Diego. Mbili ni za pembe nyembamba, zinaitwa NAC, moja ya kushoto na moja ya kulia. Ya tatu ni ya pembe pana, WAC. Chombo kilirushwa tarehe 18 Juni 2009 na kuingia kwenye obiti ya Mwezi siku tano baadaye.

Kila NAC ni darubini ya vioo yenye umbali wa fokasi wa milimita 700, na nyuma ya vioo hivyo kuna mstari mmoja tu wa pikseli 5,064. Haipigi fremu nzima kwa mpigo. Inafanya kazi kama skana ya ofisini: mstari unasoma kilicho mbele yake, na mwendo wa chombo ndio unaosogeza ukurasa. Chombo kinapita juu ya uso wa Mwezi kwa takriban kilomita 1.6 kila sekunde. Kutoka kimo cha kilomita 50, pikseli moja hufunika nusu mita, kwa hiyo kila mstari una kama theluthi moja ya milisekunde tu ya kukusanya mwanga kabla ardhi haijasogea. Picha ndefu kabisa ina mistari 52,224. Hiyo ni kazi ya sekunde 17 hivi, na matokeo yake ni ukanda wenye upana wa kilomita 2.5 na urefu wa kilomita 26. Ukiziunganisha picha za kushoto na kulia, zinazopishana kwa pikseli kama 135 katikati, unapata upana wa kilomita 5.

Muundo huu una kasoro ambayo kamera ya fremu haina. Chombo kikitikisika, picha haiingii ukungu nzima. Mistari inahama mmoja mmoja, na ukingo wa kreta unatoka na meno meno. Mtikisiko wa kawaida huletwa na paneli za sola au antena inapojisogeza. Mmoja, hata hivyo, uliingia kwenye kumbukumbu: tarehe 13 Oktoba 2014 NAC ya kushoto ilitoa picha yenye mawimbi makali ambayo hayakulingana na mjongeo wowote wa chombo. Uchambuzi uliotangazwa mwaka 2017 ulihitimisha kwamba kamera iligongwa na kimondo chenye ukubwa wa takriban milimita 0.8, ikiwa katikati ya kusoma mistari. Kamera ilinusurika na inaendelea na kazi. Kwa mtumiaji, funzo ni dogo: ukiona mawimbi yanayokata picha kwa upana wote, usiyapime kama umbo la ardhi. Tafuta picha nyingine ya mahali hapohapo.

WAC ni kazi tofauti kabisa. Inapiga kwa rangi saba: mbili za urujuanimno, nanomita 321 na 360, na tano za mwanga unaoonekana kuanzia 415 hadi 689. Ramani zake za mwanga unaoonekana huwa na mita 100 kwa pikseli, na za urujuanimno mita 400. Inafunika karibu Mwezi wote kila mwezi. Kwa kreta za kilomita 10 kwenda juu WAC inatosha, na mara nyingi ni bora kuliko NAC kwa sababu unaiona kreta nzima. Kreta ya Copernicus ina kipenyo cha kilomita 93 hivi. Kuijaza kwa kanda za kilomita 5 ni kazi ya kushona viraka vilivyopigwa chini ya majua tofauti, na mishono itaonekana.

Kwa nini kreta yako haina picha nzuri

Obiti inapita karibu na ncha zote mbili, na mzunguko mmoja unachukua karibu saa mbili. Katika muda huo Mwezi unakuwa umejizungusha kiasi cha digrii 1.1, ambazo kwenye ikweta ni kilomita 33. NAC inafunika kilomita 5 tu kati ya hizo 33. Kreta iliyoangukia kwenye pengo lazima isubiri mwezi mwingine, au chombo kiinamishwe pembeni. Kutoka kilomita 50 juu, kufikia katikati ya pengo kunadai mwinamo wa digrii 18 hivi, na kila mwinamo unaingilia vipimo vya vifaa vingine vilivyomo chomboni. Basi foleni ni ndefu, na kreta zisizo na jina huishia na picha chache. Karibu na ncha njia zinakaribiana na picha ni tele.

Jambo la pili ni tarehe. Kuanzia Septemba 2009 mpaka Desemba 2011 chombo kilikuwa kwenye obiti ya duara ya kilomita 50. Kisha kilihamishiwa kwenye obiti ya duaradufu inayookoa mafuta, yenye sehemu ya chini karibu na ncha ya kusini na ya juu kaskazini, ambako kimo hufika kilomita 200 au karibu na hapo. Kwa hiyo kwa kreta za kaskazini, picha za baada ya 2011 zina pikseli za mita 1 hadi 2. Ukihitaji nusu mita kaskazini, weka kikomo cha tarehe: Septemba 2009 hadi mwanzo wa Desemba 2011. Kwa kreta za Tycho, Clavius na jirani zake wa kusini, mwaka wowote unafaa. Kuna pia picha za Agosti 2011, chombo kiliposhushwa hadi kilomita 21 au 22 juu ya maeneo walikotua wanaanga wa Apollo 12, 14 na 17. Hizo ndizo kali kuliko za kawaida kwa maeneo hayo.

Jua: pembe ipi kwa kazi ipi

Kwenye fomu ya kutafutia picha kuna kisanduku kilichoandikwa Incidence. Hapo pembe inahesabiwa kutoka utosini: 0 ni jua la utosi, 90 ni jua lililo kwenye upeo. Wengi huisoma kinyume, wakidhani 80 ni jua la juu.

Chini ya 30 unaona weupe na weusi wa udongo, si umbo. Hiyo ndiyo pembe ya kutafutia miale ya kreta changa, vifusi vilivyorushwa karibuni na michirizi ya udongo uliotelemka kwenye kuta. Giordano Bruno, kreta changa ya kilomita 22 upande wa mbali, inapendeza sana katika mwanga huo. Kati ya 60 na 75 ndipo umbo linapojitokeza: ngazi za kuta, vilele vya kati, majabali, vikreta vidogo juu ya sakafu. Kazi nyingi ziishie hapa. Zaidi ya 80 unapata mikunjo mipole ya zile tambarare nyeusi za lava ziitwazo bahari za Mwezi, ambayo haionekani kwa pembe nyingine yoyote, lakini kreta yenyewe inageuka shimo jeusi na hutaambulia chochote ndani.

Latitudo nayo inakufunga mikono. Mhimili wa Mwezi umeinama digrii 1.5 tu, kwa hiyo kwenye latitudo ya 70 jua halipandi zaidi ya digrii 21 au 22 juu ya upeo, na pembe kwenye fomu haishuki chini ya 68. Kumtafutia mtu picha ya pembe 20 huko ni kumtuma maji kwenye kisima kikavu. Fomu haitakuonya; itarudisha orodha tupu, na mgeni atadhani kreta haijawahi kupigwa picha.

Kisanduku cha pili cha kuzingatia ni Emission, yaani kamera imeinama kiasi gani kutoka wima. Kwa kupima, weka chini ya 5. Kwa kutazama mandhari, tafuta zaidi ya 45: hizo ni picha za mshazari, zilizopigwa chombo kikiwa kimelala ubavu. Maarufu kuliko zote ni ya kilele cha kati cha Tycho, iliyopigwa tarehe 10 Juni 2011 jua likichomoza. Kilele hicho kinapanda kama kilomita 2 kutoka sakafuni, na juu yake kabisa kumekaa jabali lenye upana wa mita 120 hivi. Picha ya wima ya kilele hichohicho ni ramani nzuri. Ile ya mshazari ndiyo inayokufanya uelewe mteremko. Usiipimie umbali tu, maana pikseli za mbele na za nyuma hazilingani.

QuickMap kwa matumizi ya kila siku

Hii ndiyo sehemu iliyotengenezwa vizuri kuliko zote. Andika jina la kreta, ramani inakupeleka. Kuna tabaka la WAC lenye vivuli virefu na lingine lisilo na vivuli. Kuyabadilisha moja baada ya jingine juu ya kreta ileile kunafundisha zaidi ya maelezo yoyote kuhusu pembe za jua. Ukikuza vya kutosha unaweza kuwasha tabaka za NAC. Ukichora poligoni juu ya eneo, unapewa orodha ya picha zinazoligusa pamoja na pembe zake na ukubwa wa pikseli. Ukichora mstari kutoka ukingo hadi ukingo, unapewa mchoro wa mwinuko.

Mchoro huo wa mwinuko unahitaji tahadhari. Data yake hutoka kwenye ramani za kimo: GLD100, iliyotengenezwa kwa jozi za picha za WAC zilizopigwa kutoka pembe mbili na yenye nukta moja kila mita 100, au vipimo vya LOLA, kifaa cha leza cha kupimia kimo kilichomo kwenye chombo hichohicho. LOLA ni sahihi mno kwa kimo, lakini madoa yake ya leza yamepangana kwenye njia za obiti, na katikati ya njia hizo kimo kinakisiwa. Mstari uliochorwa juu ya kreta ya mita 300 utapita kwenye nukta tatu za GLD100. Programu itakuchorea bonde laini la kupendeza, na bonde hilo ni la kubuni. Kwa kreta za kilomita 3 na zaidi mchoro unaaminika. Chini ya kilomita 1 usiutumie, isipokuwa eneo lako lina ramani ya kimo iliyotokana na jozi za NAC, zenye nukta kila mita 2 hadi 5. Ramani hizo zipo kwa maeneo teule tu. Linné, kreta changa ya kilomita 2.2 kwenye Mare Serenitatis, moja ya bahari hizo za Mwezi, ni mojawapo, na ni pazuri pa kujifunzia kwa sababu umbo lake la bakuli halijachakaa.

Pasipo ramani ya namna hiyo, rudi kwenye kivuli. Kina ni urefu wa kivuli mara tanjenti ya kimo cha jua, na kimo cha jua ni 90 kutoa pembe ya kwenye fomu. Mfano: kreta ya mita 400, picha ya mita 1 kwa pikseli, pembe 75. Kimo cha jua ni digrii 15, tanjenti yake 0.268. Kivuli kuanzia ukingo wa upande wa jua hadi ncha yake kina pikseli 210, yaani mita 210. Kina ni mita 56. Kreta changa ya ukubwa huo hukaribia moja ya tano ya kipenyo, yaani mita 80, kwa hiyo hii imeshaanza kujaa.

Hesabu hiyo inaharibika kwa njia tatu. Kivuli kikiishia ukutani kabla ya kufika katikati, umepima kina cha ukuta hapo kilipoishia, si cha sakafu. Tafuta picha yenye jua la chini zaidi. Ukingo ukiwa na meno, kivuli kitakuwa na meno, na kupima jino refu kutakupa kina cha uongo. Pima sehemu tatu au nne sambamba. Na ukipima kwa mstari usiofuata mwelekeo wa jua, umepima urefu usio wake. Azimuthi ya jua, yaani upande ambako mwanga unatoka kwa digrii, imo kwenye taarifa za picha. Itumie, usikisie kwa macho.

Suala la macho lina mtego mwingine. Mwanga ukitoka chini ya picha, ubongo unazigeuza kreta kuwa vilima, hata kwa mtu mzoefu. Geuza picha mpaka mwanga utoke juu, na shimo litarudi kuwa shimo. Kwenye ramani za ncha, ambako mwanga hutoka kila upande, utafanya hivyo tena na tena.

Kwa wanaotaka faili ghafi

QuickMap ni kioo cha duka tu. Bidhaa halisi ziko kwenye hifadhi, na huongezwa kila baada ya miezi mitatu kupitia Planetary Data System, hifadhi ya NASA ya data za sayari. Jina la picha ya NAC huanza na M, kisha tarakimu za saa ya chombo, kisha L au R kwa kushoto au kulia, na mwisho E kwa ghafi au C kwa iliyosahihishwa. Picha kamili ghafi ina pikseli 264,462,336, baiti moja kila pikseli. Ni zaidi ya megabaiti 250 kwa upakuaji, na jozi ni mara mbili yake. Nyingine hupigwa kwa kuunganisha pikseli mbilimbili, zenye upana wa pikseli 2,532; hizo ni ndogo na zinatosha kwa kazi nyingi.

Programu ya kuzichakata ni ISIS ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, ya bure, inayotumia Linux au macOS. Mpangilio ni huu: lronac2isis kuingiza faili, spiceinit kuliambatisha na mahali chombo kilipokuwa, lronaccal kusahihisha mwanga, lronacecho kuondoa mwangwi wa kielektroniki kati ya pikseli, kisha cam2map kulilaza kwenye ramani. Kwenye spiceinit weka web=yes, la sivyo utalazimika kupakua hifadhi nzima ya data za mwelekeo wa chombo, na diski ya kawaida haitaimudu. Baada ya lronaccal kila pikseli inakuwa ya baiti nne, kwa hiyo faili moja linafika gigabaiti 1 na kila hatua inaandika jipya. Tenga gigabaiti 5 kwa picha moja. Au fanya jambo la busara zaidi: baada ya spiceinit na usahihishaji, tumia crop kukata kreta unayoitaka, ndipo uite cam2map. Taarifa za mahali hazipotei, na kazi ya nusu saa inakuwa ya dakika chache.

Usiruke hatua ya kulaza kwenye ramani. Chombo hugeuzwa mara mbili kwa mwaka ili paneli zake za sola zilielekee jua, kwa hiyo faili ghafi linaweza kutoka juu chini au kama kwenye kioo. Kreta ni duara na haitakuambia kwamba imegeuzwa. Utagundua tu pale jabali la mashariki litakapokuwa magharibi kwenye picha ya mtu mwingine.

Ukifungua matokeo kwenye QGIS, programu ya ramani, hakikisha mfumo wa kuratibu ni wa Mwezi, tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 1,737.4. Digrii moja ya latitudo huko ni kilomita 30.3, duniani ni 111. Programu ikidhani iko duniani, kreta ya kilomita 3 itasomeka kilomita 11. Longitudo nazo zina desturi mbili: digrii 20 magharibi huandikwa -20 mahali pamoja na 340 pengine. Utafutaji unaorudi mtupu kwa kreta inayojulikana mara nyingi una kosa hilo.

Kwa wanaowinda kreta mpya, yaani zilizochimbwa tangu 2009, mbinu ni kugawanya picha ya baadaye kwa ya awali, pikseli kwa pikseli. Mimuliko ya vimondo vinavyogonga Mwezi huonekana na darubini za duniani, na ule wa tarehe 17 Machi 2013 uliacha kreta ya mita 18 ambayo NAC ilikuja kuikuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu kreta mpya 222 kwa njia hiyo ya jozi. Sharti ni pembe za jua zipishane kwa digrii chache tu. Zikipishana kwa 15, kila jabali litajidai kuwa jipya.

Zipo nyingine?

Zipo, na baadhi zinaishinda LROC kwa jambo mojamoja. Kamera ya OHRC iliyomo kwenye Chandrayaan-2, chombo cha India iliyofika kwenye obiti ya Mwezi Agosti 2019, inapiga kwa takriban sentimita 25 hadi 30 kwa pikseli kutoka kilomita 100 juu, kwenye ukanda wa kilomita 3. Ni kali kuliko NAC, lakini ilivyofunika ni kidogo na hifadhi yake inataka kujisajili. Kama kreta yako imo, ichukue. Terrain Camera ya Kaguya, chombo cha Japani kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi Juni 2009, ina mita 10 kwa pikseli, na imetolewa kama ramani mbili: ya asubuhi, mwanga ukitoka mashariki, na ya jioni, mwanga ukitoka magharibi. Kwa kreta za kilomita 1 hadi 10 tunaipenda kuliko WAC, na mpango wake wa asubuhi na jioni ni jambo ambalo QuickMap ingefaa kuliiga kila mahali. Picha za filamu za Lunar Orbiter za 1966 na 1967, zilizosafishwa ndani ya chombo chenyewe na kurushwa duniani vipande vipande, zina mistari ya mishono ila mwanga wake wa chini ulichaguliwa kwa akili. Bado zinafaa kulinganishia.

Mahali ambapo NAC inashindwa kabisa ni ndani ya kreta za ncha zisizowahi kuona jua. Mwanga pekee humo ni ule ulioruka kutoka kwenye milima ya jirani, na theluthi moja ya milisekunde haitoshi kuukusanya. NAC inaweza kuongezewa muda wa mstari, lakini chombo hakisimami, na pikseli inarefuka hadi makumi ya mita. Kwa kazi hiyo tumia ShadowCam, iliyojengwa kutokana na muundo wa NAC na kupandishwa kwenye Danuri, chombo cha Korea Kusini kilichorushwa Agosti 2022. Inahisi mwanga mara 200 zaidi ya NAC na ina mita 1.7 kwa pikseli kutoka kilomita 100. Uwezo huo una gharama yake: sehemu yoyote inayopigwa na jua moja kwa moja inaungua kuwa nyeupe tupu, na ukingo wa kreta unapotea. Kwa Shackleton, kreta ya kilomita 21 ambayo ncha ya kusini imekaa kwenye ukingo wake, chukua picha mbili: ukingo kutoka NAC, sakafu kutoka ShadowCam, kisha zilaze zote mbili kwenye ramani ya ncha ya ukubwa mmoja wa pikseli kabla ya kuziunganisha.